Maswali ya Wasomaji: Ufunguo Unaojulikana na Kila Mtu Unalindaje Siri?

SWALI: Nimesoma kwamba katika usimbaji fiche, yaani kuuficha ujumbe kwa hesabu ili asiyekusudiwa asiusome, kila mtu huwa na funguo mbili, ule wa umma ambao hutangazwa kwa yeyote, na ule binafsi. Ikiwa ufunguo wa umma unajulikana na kila mtu, unalindaje siri? Na je, sahihi ya kidijitali ndiyo ile picha ya sahihi yangu ninayobandika chini ya waraka?

JIBU: Nianze na la pili, kwa kuwa ndilo linaloponza watu wengi. Picha ya sahihi haithibitishi lolote, kwani yeyote atakayeipata anaweza kuinakili na kuibandika kwenye waraka mwingine. Sahihi ya kidijitali ni namba inayokokotolewa kutokana na maudhui ya waraka wenyewe pamoja na ufunguo binafsi wa mwenye kutia sahihi.

Funguo hizo mbili huundwa pamoja, na kinachofungwa kwa mmoja hufunguliwa kwa mwenzake tu. Anayetaka kukupelekea siri huifunga kwa ufunguo wako wa umma. Akishaifunga, hata yeye mwenyewe hawezi kuifungua kwa ufunguo huo. Katika kutia sahihi mwendo hugeuka, kwani wewe hutumia ufunguo binafsi, na wengine huhakiki kwa ule wa umma.

Chukua karatasi ujaribu. Zidisha namba tasa 2 na 11, upate 22. Ufunguo wa umma uwe 3 pamoja na 22, na ufunguo binafsi uwe 7 pamoja na 22. Ujumbe wako ni 4: kipeo chake cha 7 ni 16,384, nayo ukiigawanya kwa 22 baki ni 16. Hiyo 16 ndiyo sahihi. Mpokeaji hutafuta kipeo cha 3 cha 16, yaani 4,096, hugawanya kwa 22, na baki ni 4, sawasawa na ujumbe. Kama njiani mtu aliubadilisha ujumbe ukawa 5, udanganyifu wake unaonekana hapo hapo.

Bila shaka 22 ni rahisi mno kuvunjwavunjwa, na anayezijua 2 na 11 huipata 7 mara moja. Ndiyo maana funguo za kweli za mtindo huu, uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, leo hutumia namba zenye tarakimu zipatazo 617, ambazo hakuna anayejulikana kuweza kuzigawa katika namba tasa zake. Waraka mrefu nao hufupishwa kwanza, kwa mfano kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, kuwa muhtasari wa herufi na tarakimu 64, na ukiongeza hata koma moja muhtasari hutoka mwingine kabisa.

Zingatia kwamba sahihi haifichi waraka. Pia huonyesha ni ufunguo gani uliotumika, wala si mkono wa nani uliutumia. Kazi ya kuunganisha ufunguo wa umma na jina la mwenyewe hufanywa na cheti cha kidijitali kinachotolewa na mamlaka inayoaminika. Kwa hiyo ukishuku kwamba ufunguo wako binafsi umevuja, omba cheti chake kibatilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa sahihi atakazotia mwizi hazitatofautishika na zako.