Taa nyekundu ikipepesa, amplifaya bado haijafa

Ndugu yangu, nimekuelewa hivi: stima ilipotea baada ya magharibi, ikarudi usiku, na tangu hapo amplifaya ukiiwasha inapepesa taa nyekundu kisha yajizima. Sabufa, yenye plagi yake mbali, haina hata taa. Fundi ameziangalia kwa macho tu akakwambia zote zimeungua, kanunue nyingine. Usinunue kitu bado. Mimi niko hapa Lamu, Langoni, na vyombo vilivyokufa stima iliporudi vimepita vingi mikononi mwangu. Hayo yako ni maradhi mawili mbalimbali.

Amplifaya inayopepesa inapata umeme. Imejipima, ikaona kuna kasoro, ikakataa kufunga rilei, ile swichi ya ndani inayopeleka sauti kwenye spika. Nzima ukiiwasha hungoja sekunde chache kisha husikika "tak" ndani. Hiyo tak ndiyo tunayoitafuta.

Chomoa plagi ukutani. Toa nyaya zote za nyuma, za spika na za televisheni, mashine ibaki tupu. Iache dakika kadhaa, kisha rudisha plagi uiwashe hivyo hivyo. Ikipiga tak na taa ikatulia, kasoro iko nje, na kwa huku kwetu mimi huanza kushuku nyaya. Hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani, nyuzi zikakatika ncha, na uzi mmoja ukigusa tundu la jirani mashine hujilinda. Kata ile ncha mbovu, menya upya, sokota vizuri. Spika nazo zipime kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ukikiweka kwenye omu: ya omu 8 kwa kawaida husoma 6 au 7. Ikisoma sifuri, au isisome kitu, hiyo usiirudishe.

Ikipepesa hata ikiwa tupu, basi huenda transista za kutoa sauti zimeshoti. Hapo ni kazi ya fundi, lakini fundi mwenye globu ya majaribio: ile ya zamani ya waya, wati 60 au 100, iliyofungwa katikati ya njia ya umeme unaoingia kwenye mashine. Globu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimulika mara moja ikafifia, kuna matumaini. Fundi asiyekuwa na globu hiyo mimi simpi mashine yangu, hata akiwa shemeji.

Sabufa anza na plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na watu huisahau. Halafu tazama fyuzi ya sabufa yenyewe, mara nyingi iko nyuma pale waya unapoingia. Ikiwa uzi wake umekatika tu na kioo ni safi, weka nyingine ya namna ile ile uijaribu. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa fedha, kuna shoti kubwa, usiweke nyingine kabla haijafunguliwa. Mara nyingi mkosaji ni kidude cha duara, chembamba, aghalabu cha buluu, kiitwacho varista. Kazi yake ni kujitoa mhanga volti zikizidi: hushoti, fyuzi ikakatika, na vilivyo nyuma yake vikasalimika. Kukibadilisha ni kazi ndogo. Ila usifungue mwenyewe kama hukuzoea. Kapasita, vile vidude vinavyohifadhi umeme ndani, hubaki na volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa.

Na tafadhali, usifunge uzi wa waya mahali pa fyuzi. Mashine nyingi ninazoletewa hazikuuliwa na stima, ziliuliwa na huo uzi: fyuzi ya shilingi chache imeokolewa, transfoma ikaungua.

Jambo jingine, waulize majirani. Kama na wao wamepoteza vitu usiku ule, au globu zenu zilimeta kupita kiasi, yawezekana waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ulikatika njiani. Hapo nyumba iliyozoea volti 240 yaweza kupata karibu 415. Waite watu wa stima wakague kwanza, la sivyo utatengeneza na itaungua tena.

Baada ya hapo nunua gadi, ile inayopima volti na kungoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Ekstensheni yenye kitaa chekundu si kinga ya chochote. Na kuzima kwa remoti si kuzima, ndani bado umeme unapita. Stima ikipotea, zima ukutani.

Fanya lile la kutoa nyaya kwanza, uniambie kama umesikia tak. Na fyuzi ya sabufa, niandikie herufi na nambari zilizochongwa kwenye kile kichuma cha ncha, kwa mfano T2A 250V. Hiyo T maana yake hukatika polepole, na ukiweka yenye F mahali pake yaweza kukatika kila unapowasha.