Kilengeo cha nukta nyekundu kwenye karabini: kifungwe wapi?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ohio, Marekani. Nina karabini ya AR-15 ambayo naitumia kulenga shabaha kwenye uwanja wa mazoezi, na nimenunua kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kifaa cha kulengea kinachoonyesha nukta nyekundu kwenye kioo chake. Rafiki yangu ananishauri nikifunge mbele kabisa, juu ya mshiko wa mbele, ili kisinizibe macho. Je, ushauri huo ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa upande wa macho rafiki yako ana hoja. Kilengeo cha aina hii, tofauti na darubini, hakikulazimishi kuweka jicho kwenye umbali maalumu, na kadiri kinavyokaa mbele ndivyo umbo lake linavyozidi kuonekana dogo, hivyo huziba sehemu ndogo zaidi ya uwanja unaoutazama kwa macho yote mawili. Pamoja na hayo, nakusihi usikifunge kwenye mshiko wa mbele.

Ukiitazama AR-15 kwa juu, utadhani reli, yaani ule ukanda wenye meno ambao vifaa hufungwa juu yake, ni moja iliyonyooka, lakini pitisha ukucha juu yake na utahisi mwanya mahali ambapo mwili wa bunduki unakutana na mshiko. Reli ya nyuma ni sehemu ya mwili wenyewe, ambao mtutu umefungwa ndani yake. Mshiko wa mbele, hasa ule usiogusa mtutu, hushikiliwa upande wa nyuma tu, kwa hiyo ukiuegemeza kwenye mbao au ukivuta mkanda wa bunduki kwa nguvu, hupinda kidogo, na kilengeo hupinda nao huku mtutu ukibaki palepale. Kupinda kwa sehemu moja tu ya 60 ya digrii huhamisha mahali risasi inapopiga kwa takriban sentimita 3 kwenye umbali wa mita 100. Isitoshe, mshiko hupata joto la mtutu, na uzito wa mbele huchosha mkono.

Kwa hiyo kifunge kwenye reli ya mwili, karibu na ncha yake ya mbele, bila kuuvuka ule mwanya. Hapo utapata sehemu kubwa ya faida aliyoitaja rafiki yako, na nyuma patabaki nafasi ya kikuzaji (lenzi ya kukuza kile unachokiona kupitia kilengeo) au kilengeo cha chuma cha akiba.

Jibu hili ni la AR-15. Kwenye bunduki za jamii ya AK, kifuniko cha juu ni bati jepesi linalotolewa kila unaposafisha, na ndiyo maana wengi hutumia reli ya ubavuni.

Kabla ya kufunga, toa magazini na uhakikishe chemba ni tupu. Ingiza jino la chini la kilengeo kwenye tundu la reli, yaani nafasi iliyo kati ya meno yake, kisukume mbele hadi kigote, kisha ndipo ukaze skrubu, kwa sababu bunduki inaporudi nyuma kwa mshindo, kilengeo hutaka kubaki mbele, na kikiwa tayari kimegota hakitasogea. Kilinganishe kwenye mita 50, yaani kirekebishe hadi risasi ipige pale nukta inapoelekea. Usishangae ukiona kwenye mita chache risasi inapiga sentimita 5 au 6 chini ya nukta: hicho ni kimo cha kilengeo juu ya mtutu, na kukisogeza mbele au nyuma hakukibadilishi. Ila ukikihamisha hata tundu moja, rudia kukilinganisha.