Nilificha dhambi siku za ndoa, sasa naogopa kurudi kitubioni

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 39, naishi Morogoro. Nikiwa chuoni nilitoa mimba. Nilipoungama kabla ya kufunga ndoa, mwaka 2010, hilo sikulitaja. Tangu hapo sijarudi kitubioni, wala sikomuniki. Juzi binti yetu kapata Komunyo ya Kwanza, akaniuliza, "Mama, mbona wewe hukomuniki?" Nikakosa jibu. Paroko ni mgeni wa kila mara mezani kwetu, na mume wangu, asiyejua lolote, ni mwenyekiti wa jumuiya. Nianzie wapi?
Mama Komunyo

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo paroko. Aliyoyasikia kitubioni hawezi kumwambia mumeo, wala askofu, wala hakimu. Padre akifichua makusudi dhambi ya muungamaji wake, anatengwa na Kanisa papo hapo, na kumfungulia ni kazi ya Roma. Lakini najua kuna aibu ambayo sheria haiiondoi: utampakulia wali ukiwaza anachokijua. Basi usiende kwake. Panda daladala, nenda parokia usikojulikana, upige magoti nyuma ya wavu. Hakuna aliyekufunga kwa paroko wako.

Sasa hilo ulilolificha. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: dhambi kubwa ikifichwa makusudi, ungamo zima linaharibika. Ndoa yako haikuharibika, usije ukaanza kukosa usingizi kwa hilo nalo. Ila ungamo la 2010 lazima ulitaje. Sema hivi: "Padre, niliungama mara ya mwisho mwaka 2010, na nilificha dhambi moja." Kisha iseme: nilitoa mimba. Ukishalitamka hilo, mengine yatafuata. Usisimulie kijana alikuwa nani wala ilikuwa zahanati gani. Hujaitwa kutoa ushahidi. Dhambi nyingine kubwa za miaka hii zitaje kwa aina na idadi kadiri unavyokumbuka. Utakayoisahau bila kukusudia inasamehewa pamoja na zilizotajwa. Ukikwama, sema tu, "Padre, nisaidie," naye atakuuliza.

Huenda uliwahi kusikia kwamba dhambi hii ya kutoa mimba haiondolewi mpaka kwa askofu. Wengi wamekaa mbali miaka kwa sababu ya neno hilo. Novemba 2016, ulipomalizika Mwaka wa Huruma, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondolea. Hata yule kijana aliyepata upadre mwaka jana anayo.

Usingoje Juma Kuu. Foleni inafika mlangoni, Padre kachoka, na wewe una jambo la kutulia. Piga simu ofisi ya parokia, omba nafasi siku ya kazi.

Kumwambia mumeo ni shauri jingine, na kitubio hakikudai hilo. Mimi ningeungama kwanza, nikae miezi, ndipo nijiulize.

Ukipewa malipizi mepesi usibishane. (Wapo wanaokasirika kupewa Salamu Maria tatu kwa mzigo wa miaka kumi na tano, kana kwamba wamepunjwa.)

Na kama ile sala ya kutubu, "Mungu wangu, nimetubu sana", imekutoka kichwani, muombe bintiyo akufundishe. Yeye kaikariri juzi tu.