Anzia kwenye beseni la unga
Mama mwenzangu wa Majengo, Moshi, unauliza uanzie wapi kunoa hesabu ulizoziacha darasa la saba. Anzia kwenye maandazi yako. Mimi hapa Pasua nilijiona nina faida miezi mizima, kumbe mkaa siuandiki! Chukua daftari: unga, sukari, mafuta, hamira, mkaa. Tuseme jumla ni shilingi 9,000. Yakitoka maandazi 60, kila moja limekugharimu 150. Ukiuza kila moja kwa 200, mauzo ni 12,000, faida 3,000, yaani robo ya mauzo, asilimia 25. Mwachie mwanao agawanye, wewe uhakiki (wangu hufurahi mno akinikamata nimekosea). Ukitaka zaidi ya hapo, kaulizie kozi fupi kwenye chuo cha ufundi cha VETA Moshi.