Mnaoanza kupika bia nyumbani: povu msilibane, lipeni njia

Wakuu, kila anayepika bia yake ya kwanza lazima aulize hili la povu kufurika kwenye ndoo ya kuchachushia, basi acha niandike yote hapa. Povu lenyewe sio ugonjwa. Hamira ikianza kula sukari inatoa gesi, gesi inapanda na protini za kimea na utomvu wa hopsi (yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia), ndo hilo tope la kahawia mnaloliona kuanzia nusu siku hivi mpaka siku ya tatu. Balaa linakuja pale linapokosa pa kutokea. Eyaloki, kile kidude cha plastiki chenye maji juu ya kifuniko, katundu kake ni kadogo, kakiziba na mabaki ya hopsi gesi inajazana ndani na kifuniko kinaruka, dari lako utalipiga rangi upya. Na kama unachachulia kwenye chupa kubwa ya kioo usicheze kabisa, kioo kinaweza kupasuka.

Kitu cha kwanza ni nafasi. Ndoo ya lita 20 haipikiwi lita 20, weka 15 basi, na kama umetia ngano au oti shuka mpaka 13 maana hizo povu lake ni la fujo. Najua inauma kuona ndoo haijajaa.

Halafu mpira. Siku za mwanzo achana na eyaloki, chukua mpira wa plastiki mnene, wa inchi moja ukipata, mwembamba utaziba vilevile, upande mmoja unaingia kwenye kifuniko na mwingine unazama sentimita chache kwenye chupa yenye maji ya sanitaiza, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye vyombo vya bia, sio ya mikono. Chupa ikae chini kuliko ndoo na maji yasiwe mengi, kwa sababu ndoo ikipoa ghafla inavuta maji ya ile chupa yarudi kwenye bia, na sisi tunaopoza kwa barafu hilo linatokea sana. Povu litakalomwagikia huko usilililie, limebeba uchungu mkali wa hopsi na hamira uliyonayo bado ni nyingi tu. Waingereza wa Burton upon Trent karne ya 19 walipanga mapipa yao na mabomba yaliyopinda kama shingo ya bata maji, povu linapanda lenyewe kwenye bakuli refu juu, bia inarudi chini hamira inabaki. Hawakushindana nalo.

Sasa joto, na hapa wa Dar na Mombasa ndo tunaumia. Hamira nyingi za eli, yaani bia zinazochachushwa kwenye joto la wastani, zinataka nyuzi 18 mpaka 22, na zikikolea kazi ndoo yenyewe inapanda nyuzi kadhaa juu ya chumba. Ukimwaga hamira kwenye nyuzi 30 povu linalipuka na bia inakuja na harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kesho yake kichwa. Tia ndoo kwenye beseni la maji, zungushia kitambaa kibichi, feni, chupa za barafu ubadilishe asubuhi na jioni. Ukishindwa tafuta hamira ya kveik ya Norway, ile aina ya Voss inafanya kazi vizuri hata nyuzi 35, ila ina haraka sana kwa hiyo mpira uwe tayari kabla hujaimwaga.

Kuna matone ya simethicone pia, yanavunja povu kweli, hata kwenye sufuria wakati wa kuchemsha. Nunua ya wapika bia, fuata dozi ya kwenye chupa, usichukue dawa ya gesi ya watoto maana ile mara nyingi ina vitamu na ladha. Mi naona ni ya dharura tu, nafasi na mpira vinatosha.

Ukikuta kifuniko kimevimba usikivute na usikiinamie, funika taulo, legeza ukingo mmoja pole pole gesi itoke, ndo usafishe kilichoziba. Kufungua dakika chache wakati huo hakuna shida kubwa, gesi bado inatoka kwa nguvu.

Povu likishuka rudisha eyaloki safi, ila kuweka kwenye chupa bado! Pima na haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, namba isipobadilika siku mbili tatu mfululizo ndo uanze kuosha chupa.