Si Wali, Ni Chai ya Saa Kumi

SWALI: Asalaam aleikum, Bi. Nina miaka 38, mama wa watoto wanne, hapa Langoni, Lamu. Tangu Ramadhani iishe nimeacha wali wa nazi kabisa, na kila asubuhi nanywa maji moto ya ndimu kama nilivyoona kwenye simu. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, sasa zimerudi zote. Mume wangu asema ni tui. Chai nanywa mara nne kwa siku, sukari vijiko vitatu tu kila kikombe, na mahamri mawili saa kumi. Je, nazi ndiyo inayoninenepesha?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Zile kilo tatu nyingi yake ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu tatu hivi za maji. Ukikata wali ghafla, akiba hutumika na maji hutoka. Ukirudi kula, nayo hurudi. Ndimu ni ya samaki, haiyeyushi mafuta ya mtu.

Mimi nimesimama hapo uliposema "vitatu tu". Nilipokuwa muuguzi, nikiwahubiria wenzangu, siku moja nilijipima: kila kijiko cha sukari nilichotia kwenye chai, nilitia kingine kwenye kikombe cha kahawa. Kufika isha vilikuwa vijiko 12, na kikombe kimejaa hadi mdomoni. Nilikaa nikakitazama, nikaona haya peke yangu. Hizo ni gramu 48 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na chini ya 25 ni bora zaidi. Wewe nawe, vijiko vitatu mara nne, uko ukingoni kabla hujaonja halua ya arusini.

Tui lina mafuta mengi, mume wako hakusema uongo. Lakini wali humshibisha mtu, tena huliwa na samaki na mchicha. Upike kwa tui la pili, sahani iwe ndogo. Mahamri je? Yamekandwa kwa tui na sukari, yakazamishwa kwenye mafuta, kisha unayachovya kwenye chai tamu. Nayo hatuyahesabu, eti ni kitafunio! Yaweke ya Ijumaa asubuhi, kwa mbaazi. Sukari punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, iliki na tangawizi ziongeze.

Tena sisi wa Lamu twajisifu hatuna magari, ilhali hata Shela, kijiji cha jirani, twaenda kwa boti. Bahari ikipwa, shika pwani kwa miguu. Ni robo tatu ya saa hivi.

SWALI: Mdogo wangu huku Malindi ataolewa karibuni. Anameza vidonge vya kunenepa visivyo na jina, mwezi sasa. Uso umejaa, anafurahi.

JIBU: Mimi sifurahi. Vidonge vya namna hiyo vingine huwa na steroidi, yaani dawa kali za namna ya homoni: uso huvimba, presha na sukari ya damu hupanda. Wala asiviache ghafla kwa kuogopa, maana hilo nalo lina hatari yake. Avifunge kwenye karatasi, ampelekee daktari leo hii. Gauni likipwaya, fundi yupo.