Mipangilio chaguo-msingi kwenye kifurushi cha .deb: kosa nililolifanya Moshi

Ndugu yetu wa Arusha ameeleza kwamba amefunga programu yake ya wavuti katika kifurushi cha Debian (faili la .deb linalosakinisha programu kwenye mfumo endeshi huo), na kwamba kila anapoweka toleo jipya kwenye seva ya mteja, mipangilio aliyoirekebisha hurudi ilivyokuwa mwanzo. Ndugu, nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe hapa Moshi, na watu walipata shida kwa ajili yake.

Nilikitengenezea chama kimoja cha ushirika wa kahawa programu ya kuandika kilo za kila mkulima anapoleta kahawa ya maganda kwenye mizani. Faili la mipangilio nililiweka chini ya /usr/share pamoja na msimbo, kama lilivyokaa kwenye kompyuta yangu, na ndani yake chaguo-msingi, yaani kinachotumika mtu asipochagua kingine, lilikuwa kanzidata ndogo ya SQLite. Kwenye seva ya chama nililirekebisha kwa mkono ili litumie kanzidata nyingine, PostgreSQL. Usiku mmoja katikati ya msimu nikaweka toleo jipya, na dpkg, programu ya Debian inayosakinisha vifurushi, ikafanya inavyopaswa: kilicho chini ya /usr ni mali ya kifurushi, kwa hiyo huandikwa upya bila kumuuliza mtu. Asubuhi programu ikawaka bila kuonyesha kosa lolote, ikafungua kanzidata tupu. Karani alipoona orodha haina mkulima hata mmoja, akaanza kuwaandikisha upya, mmoja baada ya mwingine, huku foleni ya watu na magunia yao ikifika barabarani. Niliposikia habari ilikuwa saa sita mchana. Jioni tulikaa naye mezani tukilinganisha stakabadhi za karatasi, moja moja, hadi kilo zote zikarudi mahali pake.

Kufutwa kwa faili lile kungeweza kurekebishwa kwa dakika tano. Kilichotuumiza ni kwamba programu ilikubali kuwaka ilhali haijaambiwa data ziko wapi. Tangu siku ile, chaguo-msingi langu kwa kanzidata ni kutokuwa na chaguo-msingi: mahali pake pasipoandikwa, programu inakataa kuanza na kutaja faili linalopaswa kujazwa.

Kuhusu mahali pa kuweka mipangilio, sera ya Debian inataka ikae /etc na inataka marekebisho ya msimamizi yahifadhiwe wakati wa kusasisha. Ukitumia debhelper, zana za kutengenezea vifurushi, kila faili ambalo kifurushi kinaliweka /etc husajiliwa lenyewe kuwa la mipangilio. Baada ya hapo, kama msimamizi amelirekebisha na wewe pia umelibadilisha katika toleo jipya, dpkg itamuuliza. Akibaki na la kwake, lako litawekwa pembeni likiwa na mkia wa .dpkg-dist. Usithubutu kulihariri faili hilo kwa sed (amri ya kubadilisha maandishi) ndani ya postinst, yaani hati ya kifurushi inayotekelezwa baada ya mafaili kuwekwa, kwa maana msimamizi ataulizwa juu ya mabadiliko asiyoyafanya, na mtu asiyeelewa swali hubonyeza lolote. Mimi naweka mipangilio yote ya kawaida /usr/share, pasipoguswa, kisha programu inasoma juu yake faili dogo la /etc lenye mistari ile tu inayohusu seva hiyo. Hilo dogo halimo ndani ya kifurushi: postinst hulitengeneza pale tu linapokosekana.

Neno la siri na ufunguo wa programu visisafiri kamwe ndani ya kifurushi, kwa kuwa kila mwenye kifurushi atakuwa navyo. Vizalishwe na postinst kutoka /dev/urandom, chanzo cha data za nasibu cha Linux, siku ya kwanza, katika faili lenye ruhusa 640 (mwenyewe husoma na kuandika, kundi lake husoma tu, wengine hawaligusi). Programu nayo isikilize 127.0.0.1 peke yake, yaani anwani ya ndani ya mashine yenyewe, na Nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi ya nje, ikae mbele yake. Mnamo Januari 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizokuwa wazi kwenye intaneti bila neno la siri zilifutwa na wadukuzi waliodai fidia. Toleo la 3.6, lililotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, ndilo lililofanya kusikiliza ndani ya mashine tu kuwa chaguo-msingi la MongoDB yenyewe, kwani kabla yake ni vifurushi rasmi vya .deb na .rpm tu vilivyokuwa hivyo. Majira ya saa pia uyatazame: seva nyingi huja na UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na mzigo uliopimwa saa mbili asubuhi utasomeka saa kumi na moja alfajiri.

Kwa seva ulizokwisha kuziweka, usitume toleo lijalo kabla ya kuandika preinst, hati nyingine ya kifurushi. Hiyo hutekelezwa kabla dpkg haijafungua mafaili mapya, kwa hiyo faili la zamani la mteja bado lipo: linakili kwenda /etc, ikiwa huko hakuna jingine, ndipo uendelee. Jaribu kwanza kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako). Weka toleo la zamani, badilisha mstari mmoja, sasisha, kisha usome mstari ule kwa macho yako.